Karatasi ya kaunti na karatasi ya mwenye nyumba

Swali: "Mwalimu, nina duka la ushonaji Mtopanga, Mombasa, huu mwaka wa sita. Mkataba wa maandishi sina. Mzee mwenye nyumba namtumia kodi kwa M-Pesa kila mwezi. Mwaka jana nilijenga kibaraza cha matofali mbele ya mlango, na mzee mwenyewe aliridhia. Jumatatu askari wa kaunti wameniletea notisi nikibomoe, eti hakina kibali. Jumatano mzee naye akaniletea barua niondoke mwisho wa mwezi. Jirani yangu aliyesomea sheria akaniambia: 'Ya kaunti ni sheria ya umma, ya mzee ni sheria binafsi, usizichanganye.' Sikumwelewa. Tofauti yenyewe ni ipi, na mimi yanihusu nini? Na je, siwezi kuwashtaki wote wawili pamoja?"

Jibu: Jirani yako amekwambia kweli, dada, ila amekuacha njiani. Kabla sijaeleza lolote, chukua kalamu uandike juu ya kila karatasi siku uliyoipokea na jina la aliyekukabidhi kama unalijua. Karatasi ya kaunti ina siku 14. Ya mzee ina hesabu yake nyingine. Hesabu hizo hazisubiri mtu aelewe nadharia.

Sasa nadharia. Sheria ya umma ni ile inayounda mamlaka ya dola, kuyagawa, kuyawekea mipaka, na kusema dola itamtendea vipi mtu. Humo mna Katiba, sheria za utawala, jinai, kodi, uchaguzi, mipango ya miji. Sheria binafsi ni ile ya watu wao kwa wao: mikataba, upangaji, deni, madhara ya ajali, ndoa, mirathi, ushirika wa biashara. Mgawanyo huu ni wa kale. Ulpian, mwanasheria wa Roma, aliuweka kwa maneno machache kwamba sheria ya umma huangalia hali ya dola, na sheria binafsi huangalia manufaa ya mtu mmoja mmoja. Maelezo hayo yanapendeza, lakini hayakusaidii ukiwa na karatasi mbili mkononi.

Kipimo kinachokusaidia ni hiki: usiulize "nani amenifanyia jambo hili?" Uliza "uwezo alioutumia ni wa aina gani?" Kama ni uwezo ambao mtu yeyote anao, kama vile kupangisha, kununua, kukopa, kukataa kuuza, hapo mko kwenye sheria binafsi hata kama aliye mbele yako ni serikali. Kama ni uwezo ambao mtu wa kawaida hana na hawezi kuwa nao mpaka sheria impe, kama vile kuamuru ukuta ubomolewe, kutoza kodi, kufuta leseni, kukamata, hapo ni sheria ya umma. Mzee anaweza kukupangisha na kukuomba utoke. Hawezi kukupa notisi ya mipango ya mji. Kaunti inaweza.

Chukua mfano wa kazi yako. Kaunti inataka sare 200 za wafanyakazi wake na inatangaza zabuni. Wakati wa kuchagua nani ashone, inatumia uwezo wa umma: lazima ifuate Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, na ukiona umeonewa una siku 14 kupeleka malalamiko kwa bodi ya mapitio ya zabuni, nayo ina siku 21 za kuamua. Ukishinda zabuni, ukatia saini, ukashona na kupeleka sare, halafu pesa zisije, sasa unadai deni la mkataba kama unavyomdai mteja wa harusi. Kaunti ni ile ile na sare ni zile zile, lakini mlango umebadilika. Watu wengi hupoteza kesi hapa kwa kudhani kwamba jina la serikali kwenye karatasi linatosha kuifanya kesi kuwa ya umma.

Kosa la pili la kawaida ni kudhani kwamba "umma na binafsi" ni sawa na "jinai na madai". Jinai yote ni ya umma, kwa sababu anayeshtaki ni dola. Aliyeibiwa cherehani ni shahidi tu, na uamuzi wa kuendelea na kesi uko kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma chini ya Kifungu cha 157 cha Katiba. Lakini si kila kisicho jinai ni binafsi. Ukiipinga notisi ya kaunti hakuna mtu atakayefungwa, na bado ni sheria ya umma. Wala mahali shauri linaposikizwa si kipimo: Kadhi ni sehemu ya Idara ya Mahakama, dola tupu, ilhali talaka na mirathi anayoamua ni mambo binafsi.

Sasa rudi kwenye kibaraza chako, maana hapo ndipo tofauti inapoonekana wazi. Ukuta ule ule ulihitaji ruhusa mbili. Ya kwanza ni ya mzee, kwa kuwa umejenga kwenye mali yake. Ya pili ni ya kaunti, kwa kuwa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema ujenzi unahitaji kibali. Ruhusa moja haijazi nafasi ya nyingine. Mzee kuridhia hakukupi haki yoyote mbele ya kaunti. Na kaunti ingekupa kibali leo, bado mzee angeweza kusema hukumwomba. Nitaongeza jambo linalowaumiza wafanyabiashara wengi wa hapa: leseni ya biashara unayolipia kila mwaka si kibali cha ujenzi. Kusema "kaunti wamechukua pesa yangu miaka sita na kibaraza wakikiona" hakutoshi, kwa kuwa afisa hawezi, kwa kunyamaza tu, kuhalalisha kitu ambacho sheria inataka kiombewe.

Tuanze na notisi ya kaunti. Isome ukitafuta mambo manne: inataja ujenzi gani hasa, inakutaka ufanye nini, inaanza kufanya kazi tarehe gani, na nani ameitoa. Sheria imempa uwezo huo mjumbe wa kamati tendaji ya kaunti anayehusika na mipango, yaani waziri wa kaunti, si askari yeyote mwenye stampu. Alama ya X nyekundu iliyopakwa ukutani haina sababu wala tarehe. Kinachohesabiwa ni karatasi. Sheria inaruhusu notisi kupewa mwenye mali, anayekaa humo, wakala au aliyejenga. Kwa hivyo wewe mpangaji umepewa kihalali, na wewe mwenyewe unaweza kuipinga bila kumsubiri mzee.

Pa kuipinga si mahakamani kwanza. Ni kwenye Kamati ya Uratibu wa Mipango na Matumizi ya Ardhi ya Kaunti, ndani ya siku 14 tangu upewe notisi. Kamati nayo ina siku 30 za kuamua, na asiyeridhika huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Andika rufaa yako kwa maneno mepesi: notisi ya tarehe fulani, niliipokea siku fulani, naipinga kwa sababu hizi. Ambatisha nakala ya notisi, picha za kibaraza kikiwa na futi ya kupimia ili upana na urefu uonekane, leseni ya biashara, na ujumbe wowote wa mzee wa kukubali ujenzi. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Rufaa bila muhuri ni vigumu kuithibitisha siku ikifika ya kubishana kama uliwahi au ulichelewa.

Kamati ina faida ambayo mahakama huwa haina. Inaweza kuuliza kama kibaraza kilihitaji kibali kweli, kama kinaweza kuombewa sasa, kama kupunguza matofali ya upande mmoja kunatosha. Mahakama ikifanya mapitio ya uamuzi wa afisa wa umma huangalia zaidi njia iliyofuatwa: alikuwa na uwezo huo? alikupa nafasi ya kusikizwa? alitoa sababu? aliutumia uwezo kwa lengo lake? Haikai kwenye kiti cha afisa na kuamua upya badala yake. Anayekimbilia mahakamani kwanza hujinyima mahali pa kujadili ukuta wenyewe. Tena anaweza kurudishwa mlangoni, kwa sababu kifungu cha 9 cha Sheria ya Haki katika Utendaji wa Utawala ya 2015 kinataka njia za ndani zimalizwe kwanza. Msamaha upo kwa hali za kipekee, lakini lazima uombwe na uelezwe.

Usikae ukidhani kwamba kupeleka rufaa kumefunga mikono ya askari. Ndani ya rufaa hiyo hiyo omba notisi isimamishwe hadi uamuzi utoke. Ukiona lori la kubomoa linatajwa, hapo ndipo wakili aende Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuomba amri ya muda, akieleza kwa nini hakuweza kungoja kamati. Jambo jingine: kama kibaraza kimeingia kwenye hifadhi ya barabara, hoja nyingi nilizotaja hupungua nguvu, kwa sababu hiyo ni ardhi ya umma. Pima kabla hujabishana. Na usiipuuze notisi, maana kutoitii ni kosa la jinai. Karatasi ya utawala inaweza kukuzalia kesi kwa hakimu.

Pamoja na rufaa, andika barua tofauti kuomba sababu za uamuzi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya utendaji wa utawala ulio wa haraka, wenye ufanisi, wa kisheria, wa busara na wenye utaratibu wa haki, na anayeathiriwa ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ile ya Haki katika Utendaji wa Utawala inaongeza meno: afisa akiombwa sababu na asizitoe, itachukuliwa, mpaka athibitishe kinyume, kwamba hakuwa na sababu nzuri. Huwezi kumfanyia hivyo mteja aliyeacha kushonesha kwako. Yeye hana deni la kukueleza. Hapa pana moyo wa tofauti nzima: mtu binafsi ana uhuru wa kufanya lolote lisilokatazwa, na mtumishi wa umma hana uhuru, ana ruhusa tu ya kufanya alichopewa na sheria. Ndiyo maana mmoja hudaiwa sababu na mwingine hadaiwi.

Barua ya mzee ni shamba jingine. Upangaji wa duka usio na maandishi, au wenye maandishi yasiyozidi miaka mitano, unalindwa na Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji, Sura ya 301. Huu ni uhusiano binafsi, lakini Bunge limeingiza mkono wake ndani kwa kuwa mwenye duka dogo na mwenye nyumba hawalingani nguvu. Mzee hawezi kukutoa kwa barua ya mwisho wa mwezi. Anatakiwa kutumia fomu maalumu, akupe si chini ya miezi miwili, ataje sababu inayokubalika kisheria, na akutake umjibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kama unakubali au hukubali. Miongoni mwa sababu hizo ni kodi iliyochelewa miezi miwili, kutaka kubomoa na kujenga upya, au kutaka kupatumia mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Barua yako haina hata moja ya hayo.

Hata hivyo mjibu, kwa adabu na kwa maandishi, kwamba hukubali. Akija na notisi iliyo sahihi, peleka shauri kwenye Baraza la Kodi za Nyumba za Biashara, wengi hapa huliita tribunali, kabla ya tarehe ya notisi kufika. Ukishapeleka, notisi hulala hadi shauri liamuliwe. Ukipitwa na tarehe, notisi huamka na kukutoa, hata kama haki ilikuwa yako. Endelea kutuma kodi kwa M-Pesa tarehe ile ile. Akirudisha pesa, hifadhi ujumbe wa kurudishwa. Usizitumie, maana hoja yake ya kwanza itakuwa kwamba unadaiwa.

Na hapa ndipo ridhaa ya mzee juu ya kibaraza inapopata thamani. Mbele ya kaunti haikuwa na uzito. Mbele ya baraza, akidai umeharibu mali yake kwa kujenga ovyo, ujumbe wake wa mwaka jana wa kukubali ndio ngao yako. Ushahidi mmoja unaweza kuwa bure kwenye mlango mmoja na dhahabu kwenye mwingine.

Nadhani pia unashuku kwamba mzee ndiye aliyewaita kaunti, kwa jinsi siku zilivyofuatana. Huenda. Lakini nia ya aliyetoa taarifa haiibatilishi notisi. Jirani mwenye chuki akipiga simu kuhusu ukuta usio na kibali, ukuta bado hauna kibali. Kinachoibatilisha ni nia ya afisa: akiutumia uwezo wa mipango ili kumsaidia mzee akutoe, ametumia uwezo wa umma kwa lengo lisilo lake, na hiyo ni sababu tosha ya mahakama kuufuta uamuzi. Lakini hilo linahitaji ushahidi, na kulitaja bila ushahidi hudhoofisha hoja zako nyingine zilizo nzima.

Tofauti nyingine ni nani anaweza kushtaki. Upangaji wako ni wako. Jirani hawezi kuupigania kwa jina lake. Katika sheria ya umma, Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu mtu kwenda mahakamani hata kwa niaba ya umma pale haki za Katiba zinapokiukwa. Mwaka 2020 majaji wa Mahakama Kuu hapa Mombasa waliamua kwamba agizo la kulazimisha mizigo ya bandari isafirishwe kwa reli ya SGR lilikiuka Katiba, kwa kuwa umma haukushirikishwa. Agizo liligusa riziki za maelfu ya watu, na halikuhitaji kila dereva wa lori afungue kesi yake.

Muda nao hutofautiana, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Deni la mkataba kati ya watu binafsi lina miaka 6, na kesi ya madhara, kama gari kukugonga ukuta, miaka 3. Dhidi ya serikali na mamlaka za mitaa, Sura ya 39, yaani sheria ya ukomo wa muda wa kuzishtaki mamlaka za umma, inakata muda: mkataba miaka 3, madhara miezi 12 tu. Kama askari wangebomoa cherehani zako pamoja na kibaraza, usihesabu miaka mitatu. Hesabu miezi kumi na miwili. Na anayetaka uamuzi wa ofisi ya umma ufutwe kwa mapitio chini ya Agizo la 53 la Kanuni za Madai ana miezi 6.

Ukishinda pia njia ni mbili. Dhidi ya mzee, hukumu ya pesa hukazwa kwa dalali wa mahakama na mali yake inaweza kupigwa mnada. Dhidi ya kaunti, Sheria ya Mashauri ya Serikali, Sura ya 40, inakataza kukamata mali ya serikali, na katazo hilo linahusu kaunti pia. Unachukua cheti cha amri, unakipeleka kwa anayehusika na malipo, na asipolipa unarudi mahakamani kuomba amri ya kumshurutisha. Anayedai sare zake 200 ajiandae kwa safari hiyo ya pili. Wengi husherehekea hukumu na kuacha njiani.

Swali lako la mwisho: kuwashtaki wote wawili pamoja. Kisheria umma na binafsi huweza kukutana katika kesi moja. Wakazi wa Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, waliishtaki kampuni ya kuyeyusha betri kwa sumu ya risasi pamoja na taasisi za dola zilizoshindwa kuisimamia. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Waliweza kwa sababu dhara lilikuwa moja na haki iliyovunjwa ilikuwa ya Katiba.

Lako ni madhara mawili, na kila moja limepewa mlango wake na sheria yake. Kamati ya mipango haina uwezo juu ya kodi, na baraza la kodi halina uwezo juu ya notisi ya kaunti. Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 1989, katika kesi ya meli Lillian S dhidi ya Caltex, kwamba mamlaka ya kusikiliza ndiyo kila kitu, na bila hayo mahakama haiwezi kupiga hata hatua moja zaidi. Ukizifunga karatasi zako mbili katika faili moja, utatumia miezi kadhaa kuambiwa umekosea mlango, na siku 14 za kibaraza zitakuwa zimekwisha. Kwa hiyo fungua faili mbili. Ya kaunti kwanza, wiki hii, kwa kuwa umeshatumia siku kadhaa tangu Jumatatu. Jibu la mzee lifuate, nawe ubaki na nakala aliyotia saini kuipokea.